Sauti "ya joto", besi "kavu", "hewa" kwa juu: maneno hayo yanasema nini kuhusu amplifaya yako?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina amplifaya mbili. Moja ni ya Kijapani, ya zamani, niliipata mtumba, ina transfoma kubwa. Nyingine ni bodi mpya yenye chipu ya amplifaya ya TPA3116 ninayoiendesha kwa adapta ya volti 24, ampea 2. Spika ni zilezile, za omu 8 zenye wufa ya inchi 8, kwenye sebule ya mita 3 kwa 4. Wenzangu wanasema ya zamani ina "joto", hii mpya ni "angavu" na "inachosha". Wauzaji nao wana yao: hewa, jukwaa, kasi, besi iliyobana. Maneno haya yanapimika, au kila mtu anasema linalomjia? Na niuze ipi?

Jibu: Marahaba. Usiuze yoyote kwanza. Kwa maelezo yako nashuku kwamba sehemu kubwa ya tofauti unayoisikia iko kwenye kitufe kimoja, volyumu na adapta. Tutafika huko.

Maneno yenyewe yana maana. Walioyapa tafsiri za kueleweka ni waandishi wa majarida ya vifaa vya sauti, na mkubwa wao ni J. Gordon Holt, aliyeanzisha jarida la Stereophile huko Marekani mwaka 1962. Aliona vipimo vya viwandani vya wakati ule havielezi kile anachokisikia msikilizaji, ndipo akaanza kukitafutia majina. Tatizo la majina hayo ni kwamba yanaeleza kilichofika sikioni, na kabla hakijafika kimeshapita kwenye rekodi, simu, amplifaya, waya, spika na kuta za sebule. Mtu akibadilisha amplifaya leo, sifa na lawama zote za mnyororo mzima anaitwika amplifaya. Kwa hiyo kila ukisikia neno, uliza mambo mawili: linazungumzia masafa gani, yaani sauti nzito au nyembamba kiasi gani, na ni kitu gani kwenye huo mnyororo kinaweza kulileta.

Kabla ya neno lolote, sawazisha volyumu. Ukisikilizishwa sauti mbili zinazofanana kabisa, moja ikazidi kwa desibeli 1 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio halikwambii "hii iko juu kidogo". Linakwambia hii ni safi zaidi, ina besi zaidi, ina uhai. Bodi nyingi za TPA3116 zimepangwa kukuza sana mawimbi ya kuingia, kwa hiyo volyumu ikiwa "saa tatu" kwenye bodi na "saa tatu" kwenye ile ya zamani, hulinganishi kitu kimoja. Fanya hivi: weka kwenye simu programu ya kutoa toni, piga toni ya 200 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde), kisha pima volti za AC kwenye vituo vya spika huku spika ikiwa imeunganishwa. Rekebisha volyumu ya amplifaya ya kwanza hadi volti 1.00, weka alama kwa utepe. Ya pili nayo iwe kati ya 0.98 na 1.02, tofauti inayobaki hapo ni chini ya desibeli 0.2. Mita ndogo ya njano ya DT830 haifai kazi hii, kwa sababu renji yake ndogo kabisa ya AC ni volti 200 na inaruka kwa 0.1. Azima kwa fundi mita inayojichagulia renji yenyewe.

Ukitaka kuhama haraka kutoka amplifaya moja kwenda nyingine, tumia swichi inayokata nyaya zote mbili za kila spika. Bodi ya TPA3116 ina nusu ya volti za adapta kwenye chanya na kwenye hasi pia. Ukiunganisha hasi za spika mbili pamoja, au ukazigusisha na kasha la chuma la amplifaya nyingine, unaweza kuua chipu papo hapo. Na vituo vya spika vya amplifaya mbili visikutane kamwe.

Sasa tuanze na joto, maana ndilo linalotumika vibaya kuliko yote. Sauti ya joto ni ile ambayo eneo la 100 hadi 300 Hz limenyanyuka kidogo, au eneo la juu ya 5,000 Hz limeinama kidogo, au vyote viwili. Sauti ya mwanamume anayeimba besi kwenye kwaya inapata kifua, gitaa linapata mwili. Ndani ya amplifaya linaletwa na vitu vitatu. Cha kwanza na cha kawaida kuliko vyote ni vitufe vya toni, hasa kile kilichoandikwa "Loudness" kwenye amplifaya za Kijapani. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio linapoteza besi kuliko linavyopoteza sauti za kati. Kitufe hicho kiliwekwa kurudisha kilichopotea, na kwenye mashine nyingi kinarudisha kwa wingi. Mtumba nyingi zinauzwa kikiwa kimebonyezwa na hakuna anayekiangalia. Cha pili ni ukinzani wa ndani wa amplifaya. Cha tatu ni upotoshaji wa mara mbili, yaani ukipiga 200 Hz amplifaya inaongeza 400 Hz kidogo. Hiyo ni noti ileile oktavu moja juu, ndiyo maana sikio haligombi nayo.

Hicho cha pili kinastahili hesabu, kwa sababu kinaeleza pia kwa nini waya wako unaweza kubadilisha "tabia" ya amplifaya. Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 kila mahali. Kwenye masafa fulani inaweza kushuka hadi karibu omu 5 au 6, mahali pengine ikapanda hadi 20 au zaidi; nyingine za omu 4 hadi 8 zinashuka mpaka 4. Chukua inayocheza kati ya 4 na 20. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) yenye ukinzani wa ndani wa omu 2 itaipa spika hiyo desibeli 2.7 zaidi pale penye omu 20 kuliko pale penye omu 4. Hiyo ni ekwalaiza kamili iliyofichwa, na sikio lolote linaisikia. Amplifaya ya transista yenye omu 0.05 itatofautiana kwa desibeli 0.1 tu. Sasa ongeza waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, mita 10 kutoka amplifaya hadi spika. Kwenda na kurudi ni mita 20, karibu omu 0.7. Tofauti inarudi na kufika desibeli 1. Kwa waya wa shaba wa 2.5, inabaki kama 0.3. Kwangu mimi, pesa ya kununua "waya wa sauti" wenye maneno mazuri ingeenda kwenye waya wa kawaida wa shaba wa 2.5. Kwangua tu ncha yake kwa wembe: ukionekana mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wake uko juu zaidi.

Kwamba "roho" ya amplifaya ni kitu kinachopimika kulionyeshwa waziwazi mwaka 1985. Mhandisi wa Marekani Bob Carver aliwaambia watu wa jarida hilohilo la Stereophile kwamba anaweza kuifanya amplifaya yake ya transista, ya bei ya kawaida, isikike kama yoyote ya bei kubwa watakayomchagulia. Wakamletea ya gharama. Akawa anatoa wimbi la moja kutoka kwenye la nyingine na kurekebisha yake hadi kilichobaki kikawa kama desibeli 70 chini. Wasikilizaji walewale wazoefu wakashindwa kuzitofautisha.

Angavu ni eneo la 4,000 hadi 10,000 Hz kuwa juu. Likiwa limezidi kwa wastani, kayamba na matoazi vinang'aa na maneno ya mwimbaji yanasikika vizuri. Likizidi zaidi, herufi "s" na "sh", zinazokaa kati ya 5,000 na 8,000 Hz, zinakuwa kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Hapo watu wanasema sauti kali, na baada ya nyimbo nne tano wanasema inachosha. Lakini angavu na kali si kitu kimoja, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: angavu hurekebishwa kwa toni, kali mara nyingi haisikii toni kwa sababu ni upotoshaji.

Ukali unaotoka kwenye amplifaya una vyanzo viwili vikubwa, na vinatofautishwa kwa kuzungusha volyumu. Ukiongezeka kadiri unavyopandisha sauti, vilele vya wimbi vinakatwa: amplifaya imeishiwa volti. Wimbi lililokatwa kichwa linazalisha masafa mapya ya juu ambayo hayakuwepo kwenye wimbo, na hayo ndiyo huunguza twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Hapa umeme wetu unaingia. Amplifaya yako ya transfoma haina kidhibiti cha volti kwenye sehemu ya nguvu. Tuseme ukutani kuna volti 230 na ndani unapata chanya na hasi 35. Ukiondoa volti 3 zinazopotea kwenye transista, unabaki na kama wati 64 kwa omu 8. Jioni, kila nyumba ikiwa na taa, jiko na pasi, ukutani pakishuka hadi 200, ndani unabaki na 30.4 na nguvu inashuka hadi wati 47. Mashine ileile, wimbo uleule, alama ileile ya volyumu, mchana ni tamu na usiku ni kali. Watu wanasema amplifaya imechoka, kumbe ni volti za ukutani. Pima ukutani kwa mita saa mbili usiku kabla ya kufungua kifuniko.

Ukali ukiwa mbaya zaidi sauti ikiwa chini, na unapopandisha unapungua, hilo ni jambo jingine. Transista mbili za mwisho hupokezana wimbi, moja inasukuma nusu ya juu, nyingine nusu ya chini. Ni kama wapiga kasia wawili wa mtumbwi: mmoja akiacha kabla mwenzake hajashika, mtumbwi unasita. Mkondo mdogo wa kuziweka macho ukishuka, kunatokea pengo pale wimbi linapovuka sifuri. Kwenye sauti kubwa pengo hilo ni dogo ukilinganisha na wimbi. Kwenye sauti ya chini ndilo linasikika, kama mchanga kwenye sauti ya mtangazaji. Chanzo cha kawaida kwenye mtumba ni kirekebishi kidogo cha mkondo huo kilichoshika kutu na vumbi. Fundi anapima milivolti kwenye kipinga cha emita. Kwa mfano milivolti 10 kwenye kipinga cha omu 0.22 ni miliampea 45 hivi. Thamani sahihi ifuatwe ya mtengenezaji, mashine ikiwa imewaka dakika 15 bila muziki. Kirekebishi kikichakaa kikakata katikati ya kuzungushwa, transista za mwisho zinaweza kuungua kwa sekunde. Kibadilishwe kipya kabla ya kuseti, na mara ya kwanza iwashwe kupitia balbu ya filamenti ya wati 60 hadi 100 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Na kama transista zenyewe zinabadilishwa, 2SC5200 na 2SA1943 za bandia ni nyingi sana sokoni. Nunua kwa mtu utakayemrudia.

Tope na besi kavu au iliyobana. Tope ni mlundikano wa 200 hadi 500 Hz, besi na sauti za kati zinashikana hadi hujui gitaa linaishia wapi na ngoma inaanzia wapi. Besi ya kuvimba ni chini ya hapo, na kavu au iliyobana ni kinyume chake. Nusu ya malalamiko ya aina hii yanatoka kwenye chumba, na sebule zetu za sakafu ya saruji au vigae, kuta za tofali na madirisha ya aluminiamu haziyasamehe hata kidogo. Kwa joto la Mwanza sauti inakwenda kama mita 347 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba: mita 4 inakupa 43 Hz, mita 3 inakupa 58. Noti ya chini ya gitaa la besi ni 41 Hz. Maana yake noti mbili tatu za gitaa zitajaa chumba kizima na nyingine zitapotea, uwe na amplifaya ya shilingi elfu hamsini au milioni tano. Vuta spika sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma, zitoe kwenye kona, kisha hamisha kiti nusu mita mbele au nyuma. Kama bati la paa halina dari chini yake, gonga kwa ufagio usikilize: linalotetemeka peke yake litatetemeka na besi pia.

Amplifaya inapohusika na besi, mara nyingi kasoro yake ni besi nyembamba, na mhusika ni kapasita iliyokauka. Kapasita ya kupitisha mawimbi ya mikrofaradi 1 ikiwa mbele ya kilo-omu 10 inaanza kupunguza besi kwenye 16 Hz, haina madhara. Ikikauka ikabaki 0.2, inaanzia 80 Hz, na nusu ya ngoma imekwenda. Mashine ya miaka 30 au 40 ikiwa na tabia hiyo, usihangaike na ekwalaiza. Badilisha kapasita ndogo zote za njia ya sauti, pande zote mbili, kwa thamani ileile na volti sawa au zaidi.

Kasi ni neno ninaloshauri uliache. Besi ni masafa ya taratibu kwa asili yake. Hata kwa 20,000 Hz, amplifaya ya kutoa kilele cha volti 32 inahitaji kupanda volti 4 tu kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, na chipu ya kawaida ya TDA7294 inafika 10. Kinachoitwa besi yenye kasi ni besi isiyoendelea kulia baada ya ngoma kupigwa, na hilo huamuliwa na boksi la spika, tundu lake, na chumba.

Hewa ni kile kinachokaa juu ya 10,000 Hz: mnong'ono wa matoazi, pumzi ya mwimbaji, ukubwa wa kanisa kwaya iliporekodiwa. Amplifaya nzima isiyo na hitilafu haina shida kufika huko. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa kawaida umeshakatwa kwenye 16,000 Hz. Ukitaka kuhukumu hewa, tumia CD au faili ambalo halijabanwa, kwa waya, bila Bluetooth.

Jukwaa ni kumsikia mwimbaji katikati na vyombo vikiwa mahali pake kushoto na kulia. Hakikisha kwanza chanya na hasi hazijapishana kwenye spika moja: zikipishana, mwimbaji hana mahali na besi inapungua, ukigeuza nyaya za spika moja besi inarudi. Spika na kiti vifanye pembetatu ya pande sawa, mita 2 kwa kila upande inatosha kwa sebule yako. Amplifaya inaharibu jukwaa hasa kupitia kitasa cha volyumu. Kikiwa chini kabisa, upande wa kushoto na wa kulia huweza kutofautiana desibeli 2 au 3, na mwimbaji anahamia upande mmoja. Huku ziwani unyevu, vumbi na wale wadudu wadogo wanaovamia taa wakati wa msimu wao huingia kupitia matundu ya kupozea na kukaa humo. Kitasa kikikwaruza, dawa ya kusafishia swichi na kukizungusha mara 20 mashine ikiwa imezimwa, kisipopona, kibadilishwe.

Ukimya, ule wauzaji wanaouita usuli mweusi, ni rahisi. Simamisha muziki, acha volyumu ilipo, weka sikio sentimita 30 kutoka kwenye spika. Mngurumo mzito wa 50 Hz ni mara nyingi duara la ethi (ethi iliyounganishwa kwa njia mbili) kati ya vifaa viwili au transfoma iliyo karibu na nyaya za sauti. Mngurumo unaofanana nao ila wenye nzi ndani, wa 100 Hz, ni kapasita kubwa za nguvu. Ukitoweka unapochomoa chaja ya simu, chaja ndiyo mkosaji. Waya wa ethi usiukate kamwe ili kutafuta ukimya.

Sasa amplifaya zako. Ya Kijapani: angalia kitufe cha Loudness kiwe kimetoka, toni zote ziwe katikati, pima volti za DC kwenye vituo vya spika bila muziki; chini ya milivolti 50 ni salama. Naamini "joto" litapungua sana hapo hapo. Bodi ya TPA3116: kichujio chake cha matokeo, kwa spika ya omu 8, kinaweza kunyanyua 20,000 Hz kwa desibeli 0.5 hadi 1 hivi. Hicho ni kidogo, hakitoshi kumchosha mtu. Kinachochosha ni adapta. Kwa volti 24 bodi inaweza kutoa kama wati 30 kwa kila upande wa omu 8, na zile wati 50 za kwenye tangazo ni za omu 4, upotoshaji ukiwa asilimia 10. Pande zote mbili zikifanya kazi kwa nguvu zinahitaji karibu ampea 3, nawe una 2. Volti zinaporomoka kila ngoma inapogonga, vilele vinakatwa. Tafuta adapta ya volti 24 ya ampea 4 au 5. Hata chaja nzima ya kompyuta mpakato, volti 19 na ampea 4.74, itakupa kama wati 20 safi kila upande, na kwa sebule hiyo zinatosha: kupunguza kutoka 30 hadi 20 ni kushuka kwa desibeli 1.8 tu. Pia ina sifa moja, haijali ukutani pakishuka hadi 200.

Baada ya hapo sawazisha volti, mpe mwenzako swichi, wewe geuka ukutani. Ahamishe au asihamishe kwa kurusha sarafu, aandike kila alichofanya, nawe utaje unayosikia mara 10. Ukipata 9 au 10, tofauti unaisikia kweli. Kwa kubahatisha nafasi ni kama 1 kwa 93. Ukipata 5 au 6, baki na ile isiyokula umeme mwingi na ambayo vipuri vyake unavipata mjini, na hela ya nyingine itie kwenye spika.